Rangi ya Motokari na Pumzi ya Nyumba

Wakati wa kiangazi, mtu akitembea katika mitaa ya Katuba, Kenya au Ruashi, mjini Lubumbashi, haendi mbali kabla ya kuona motokari imesimama chini ya mwembe katika lupango wa watu, vioo vimefunikwa kwa magazeti, magurudumu yamevikwa magunia, na kijana anaizunguka na pistole ya rangi mkononi. Kompresa inanguruma karibu na mlango wa nyumba. Kijana amefunga kitambaa puani, naye anadhani amejikinga. Hatua kumi kutoka pale mama anasonga bukari juu ya mbabula, na watoto wamekusanyika kutazama, kwa maana hakuna kitu kinachowapendeza watoto kuliko kuona motokari kuukuu ikigeuka mpya mbele ya macho yao.

Kazi hii ni njema, wala hatuandiki habari hii ili kuitia aibu. Motokari nyingi za mji wetu hazikuja kwetu zikiwa mpya. Zimetembea miaka huko Ujapani, zikavuka bahari mpaka Dar es Salaam, zikapita Zambia, zikaingia kwetu kwa mpaka wa Kasumbalesa, na usukani wake bado uko upande wa kuume. Hapo hukutana na mawe ya njia zetu, vumbi jekundu, mvua, na madereva wenye haraka. Fundi wa rangi hakosi kazi. Kijana aliyejifunza miaka mitatu au minne katika garaji ya mtu mwingine, akaoa, akapata watoto, si ajabu akitamani kuwa na garaji yake. Na kwa kuwa hana fedha za kukodi mahali, huanza nyumbani kwake.

Wala si jambo jipya kwa Wakristu kuiona karakana kuwa jirani wa jiko. Mwaka 1955 Papa Pio XII aliiweka siku ya kwanza ya mwezi wa Mei kuwa sikukuu ya Yosefu Mtakatifu Mfanyakazi, ili baba wa nyumba anayeshika nyundo ajue kwamba anaye mwombezi wa kazi yake mwenyewe. Katika mji wetu Wasalesiani wa Don Bosco walifika mwaka 1911, mji ulipokuwa bado mchanga na ukiitwa Elisabethville, na kazi za ufundi zina deni kubwa kwao. Basi tunaziheshimu kazi za mikono. Ndiyo sababu twataka kusema wazi jambo ambalo wazazi wengi na vijana wengi hawaambiwi: katika garaji ya rangi, kitu cha kwanza cha kutafutia fedha si pistole wala kompresa, bali hewa ya kuvuta.

Rangi hii ni kitu gani?

Hapo mwanzo motokari zilipakwa kwa brashi, kama milango ya nyumba. Zilipakwa vanishi tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka lilingojewa likauke, hata kazi ya motokari moja ikachukua majuma. Katika mwaka 1923 kiwanda cha Wamarekani kilianza kuuza motokari za jina la Oakland zilizopakwa rangi ya namna mpya, iitwayo Duco, inayokauka upesi na kukubali kupulizwa. Tangu hapo kazi iliyochukua majuma ikawa kazi ya siku chache.

Na pistole yenyewe ilitoka wapi? Tunapenda kusimulia, kwa maana wengi hawaijui habari yake. Katika mji wa Toledo, huko Marekani, alikuwako mganga aliyeitwa Allen DeVilbiss. Mwishoni mwa karne ya 19 alitengeneza chombo kidogo cha kupulizia dawa kooni mwa wagonjwa. Mwanawe Thomas akakitazama chombo cha baba, akafikiri kwamba kinachoweza kutawanya dawa chaweza kutawanya na rangi. Na mwanzoni mwa karne ya 20 akatoa pistole ya kupulizia rangi. Chombo kilichozaliwa kwa ajili ya kuponya makoo ya watu ndicho leo kinachoyaumiza, fundi asipokuwa mwangalifu.

Sababu yake ni hii. Zamani rangi ilikauka kwa sababu maji yake ya kuyeyushia yaliruka hewani. Yakiisha kuruka, rangi ilibaki ngumu. Rangi nyingi za motokari za siku hizi hazikauki hivyo tu. Ziko katika makopo mawili: kopo moja ni la rangi au vanishi, kopo la pili ni la dawa ya kukazia. Fundi akichanganya hivi viwili, vinashikana vyenyewe kwa vyenyewe na kuwa kitu kigumu, ambacho petroli haikiharibu na jua halikifubazi upesi. Elimu ya kushikanisha vitu hivi ilipatikana mwaka 1937 huko Leverkusen, nchini Ujeremani, kwa kazi ya Otto Bayer na wenzake. Dawa inayofanya kazi hiyo huitwa isosianati. Msomaji alikumbuke jina hili, maana limeandikwa juu ya makopo, mara nyingi kwa herufi ndogo, tena kwa lugha za kigeni.

Isosianati iliyokwisha kukauka juu ya mlango wa motokari haina ubaya. Lakini wakati wa kupuliza, pistole huivunja rangi iwe ukungu mwembamba sana, na ukungu ule huingia ndani kabisa ya mapafu. Huko mwili wa watu wengine hujifunza kuichukia ile dawa, kama vile mtu anavyoweza kujifunza kukataa samaki au karanga. Mwili ukiisha kujifunza hivyo, hausahau. Tangu siku ile tone dogo tu, hata harufu ya garaji ya jirani, laweza kumfunga mtu kifua mpaka akatafuta pumzi kama mtu anayezama. Huo ni ugonjwa wa pumu, na katika nchi zilizopima jambo hili isosianati imeonekana kuwa miongoni mwa sababu kubwa za pumu inayotokana na kazi. Fundi aliyepatwa nayo hana budi kuiacha kazi aliyojifunza kwa miaka yake yote ya ujana.

Kuna hila moja ya adui huyu. Mafundi hutegemea pua zao, husema, «Harufu ikizidi, nitatoka nje.» Lakini isosianati yenyewe haitoi harufu ya kumwonya mtu kabla haijamdhuru. Harufu kali wanayoisikia ni ya yale maji ya kuyeyushia tu. Harufu ikiisha, ukungu waweza kuwa bado umeelea chumbani, nao haunuki wala hauonekani. Hapo ndipo fundi huivua maski ili atazame uzuri wa kazi yake.

Mke wa fundi asikilize

Dalili za kwanza mara nyingi huonekana nyumbani kuliko kazini. Mume anarudi, anakula, analala. Usiku wa manane anakohoa, kifua kinalia kama filimbi. Watu husema ni baridi ya mwezi wa sita, au ni vumbi. Lakini Jumapili, au akisafiri kwenda kwenye matanga siku nne, anapumua vizuri. Jumatatu jioni kikohozi kinarudi. Mke akiona mwendo huo, kifua kitulie siku za mapumziko na kuugua siku za kazi, asingoje. Amwambie mumewe aende kwa mganga wa hospitali, naye mume asione haya kutaja kazi yake na jina la rangi anayotumia, kwa sababu mganga asipoulizwa habari za rangi aweza kumtibu mafua miezi sita.

Wako mafundi wanaokunywa maziwa baada ya kazi, wakiamini kwamba yanasafisha kifua. Maziwa ni chakula kizuri, na twawatakia wayapate kila siku. Lakini maziwa huenda tumboni, na rangi imekwenda mapafuni; hayakutani.

Na kitambaa? Kitambaa huzuia matone makubwa tu. Maski ya karatasi, ile ya kuzuia vumbi, yafaa kwa kusugua msasa, lakini kwa kupuliza haifai. Kwa rangi ya kopo moja, kazi ikiwa ndogo, fundi avae maski ya mpira yenye katriji za makaa pamoja na chujio. Katriji za namna hii huwa na alama ya A2 pamoja na P3, na ukanda wa rangi ya kahawia na mwingine mweupe. Ndevu huiachia maski nafasi ya kupitisha hewa, kwa hiyo mwenye ndevu hajakingwa. Katriji nazo huchoka. Zikiachwa wazi juu ya meza usiku kucha, zinavuta uchafu wa hewa na kuisha nguvu bila kufanya kazi. Zifungwe katika mfuko au kopo lenye kifuniko.

Kwa rangi ya makopo mawili, neno la watu wenye ujuzi ni gumu zaidi. Hutaka fundi avae kofia ya uso mzima inayoletewa hewa safi kwa mpira mrefu kutoka nje, wala asiinue kioo chake mpaka chumba kiishe kabisa kusafishika. Hewa hiyo lazima ivutwe mahali pasipo moshi. Hapa kwetu, umeme unapokatika na jenereta kuwashwa, hatari nyingine yaingia: mtu akiiweka jenereta karibu na kompresa, moshi wake wenye kaboni monoksidi waingia katika mpira na kumfikia fundi ndani ya kofia yake. Hewa ile haina rangi wala harufu, nayo huua.

Hesabu kwa wanafunzi

Labda msomaji atasema: «Mimi nitajenga chumba kizuri cha matofali, niweke feni, yatakwisha.» Na tupige hesabu pamoja. Motokari ndogo ya abiria ina urefu wa mita 4 na nusu hivi. Fundi ataka nafasi ya kuizunguka bila kuigusa, basi chumba kiwe na urefu wa mita 7, upana wa mita 4, na kimo cha mita 2 na nusu. Katika vyumba vya kupulizia vilivyojengwa kwa kazi hii, hewa husukumwa kwa mwendo wa nusu mita kwa kila sekunde, ili ukungu uchukuliwe kabla haujamrudia fundi. Upana mita 4 mara kimo mita 2 na nusu ni mita 10 za mraba. Zidisha kwa nusu mita: ni mita 5 za ujazo kwa kila sekunde, yaani mita 18,000 za ujazo kwa saa. Hewa yote ya chumba hubadilishwa kwa sekunde 14 tu.

Feni ya dari, au ile ndogo inayowekwa mezani, haifanyi kitu kama hicho. Inakoroga ukungu kama mwiko unavyokoroga uji. Feni inayofaa ni kubwa, na mota yake lazima isimame nje ya njia ya mvuke, izungushwe kwa mkanda, kwa sababu cheche ya mota yaweza kuwasha chumba. Hewa iingie upande mmoja kwa kupitia machujio ya vumbi, itoke upande wa pili karibu na sakafu, kwa maana mvuke wa rangi ni mzito kuliko hewa na hukaa chini. Kisha ipite katika machujio mengine, ipandishwe kwa bomba juu ya mapaa. Isipopandishwa, fundi atakuwa amempelekea jirani yake sumu dirishani, na jirani huyo pengine ndiye anayekaa naye benchi moja kanisani.

Mtu aliyeisoma hesabu hii vizuri ataona kwamba lupango wa kawaida, wenye nyumba mbili, kisima, jiko na watoto saba, si mahali pa kupulizia rangi ya makopo mawili. Hatulitamki neno hili kwa furaha. Lakini twaona afadhali tulitamke kuliko kuwafundisha watu kufunga turubai nne na kuziita chumba. Turubai huzuia vumbi lisiiangukie motokari. Wakati huohuo huufungia ukungu pamoja na fundi.

Kazi ibakie wapi?

Hata hivyo garaji ya nyumbani yawezekana, na yaweza kulisha watu. Wasiojua kazi hufikiri kwamba kupaka rangi ni kupuliza. Fundi anajua kwamba kupuliza ni saa moja au mbili, na matayarisho ni siku tatu. Ubora wa rangi huamuliwa katika siku hizo tatu, na kazi ya siku hizo, isipokuwa tabaka la rangi ya msingi ambalo tutalitaja, yaweza kufanyika nyumbani bila kupuliza.

Kwanza motokari ioshwe kwa sabuni na maji mengi, kisha ifutwe mafuta na nta kabla msasa haujaigusa. Wengi hugeuza taratibu hii, wakaanza na msasa; basi msasa hulisukuma lile grisi ndani ya mikwaruzo, na miezi miwili baadaye rangi inatoka vipande vipande kama ganda la yai. Kutu iondolewe mpaka bati jeupe lionekane. Bati lililobonyea linyooshwe kwa nyundo kadiri iwezekanavyo, ili mastiki iwe nyembamba. Wako mafundi wanaojaza mastiki kama mtu anayekandika ukuta. Mlango unakuwa mzuri siku ya kuupokea, lakini njia ya Likasi itaupasua. Dawa ya kukazia mastiki ni kidogo sana, kama sehemu 2 kwa 100. Akizidisha ili ikauke upesi, alama yake yaweza kuchomoza baadaye juu ya rangi mpya. Mastiki isuguliwe kavu, kwa sababu inanyonya maji kama sifongo, na maji yale hugeuka kutu chini ya rangi. Msasa uanze na namba 80, uendelee 180 na 240. Ikiisha kupokea rangi ya msingi, 400, halafu namba 800 pamoja na maji.

Vumbi la msasa nalo lisidharauliwe. Rangi za zamani, hasa ya njano na ya machungwa iliyopendwa kwa malori na mashine za migodi, huweza kuwa na risasi, na Shirika la Afya Duniani husema kwamba hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa hakimdhuru mtoto. Kwa hiyo sakafu isifagiliwe kavu, imwagiwe maji kwanza. Fundi avue nguo za kazi kabla ya kuingia nyumbani, na nguo hizo zisifuliwe katika beseni moja na nepi za mtoto. Mikono ioshwe kwa sabuni na mafuta kidogo ya kupikia. Kuiosha kwa maji ya kuyeyushia rangi, kama wengi wafanyavyo, ni kuifungulia sumu mlango wa ngozi.

Kwa kupuliza, twawashauri mafundi wa mtaa mmoja washikane. Mafundi watano, kila mmoja akiwa na garaji yake ndogo ya matayarisho, wanaweza pamoja kujenga chumba kimoja cha kupulizia chenye feni ya kweli na kofia ya hewa, katika kiwanja kilicho mbali na nyumba, na kila mmoja akawa na siku yake. Kompresa tano hafifu zilizonunuliwa na watu watano zingekaribia kununua moja nzuri. Na mahali ambapo chumba cha namna hii kipo tayari, kukikodi kwa nusu siku ni gharama ya kazi kama zilivyo gharama nyingine, wala si aibu. Rangi ya msingi, kama ni ya makopo mawili, ipulizwe hukohuko pia.

Maji, baridi na vumbi

Fundi akiwa katika chumba hicho, majira ya nchi yetu bado yatamjaribu. Kompresa inapoikamua hewa, unyevu ulio ndani yake hugeuka maji na kukaa chini ya tangi. Katika miezi ya mvua, fundi asipoyafungulia kila jioni, maji yatapanda katika mpira na kutoka kwa pistole kama mate, na tangi litaliwa na kutu kutoka ndani. Tangi la kutu lililozibwa kwa kulehemu ni bomu, lisitumiwe. Na bomba la kupitishia hewa liwe la chuma, likiinama kidogo ili maji yarudi. Bomba la plastiki la maji hupasuka ghafula, na vipande vyake huruka kama visu.

Mvua ikinyesha, rangi ya kukauka upesi hubadilika kuwa nyeupe kama maziwa. Si uchawi wala si rangi mbovu. Maji ya kuyeyushia yakiruka haraka hulipoza bati, na unyevu wa hewa hutua juu yake kama umande wa asubuhi. Dawa yake ni kungoja siku kavu, au kutumia maji ya kuyeyushia yanayoruka polepole. Katika mwezi wa 6 na wa 7, asubuhi za Lubumbashi ni baridi kweli, nayo rangi ya makopo mawili chini ya nyuzi 15 hukaza kwa uvivu mkubwa. Fundi aanze saa tano, bati likiisha kupata joto la jua, wala asiwashe moto wa makala ili kulipasha. Mwezi wa 9 una joto zuri, lakini vumbi linaruka tangu asubuhi, hivyo sakafu inyweshwe maji kabla ya kuanza.

Pistole ishikwe wima mbele ya bati, umbali wa sentimeta 15 hadi 20, mkono wote ukienda sambamba nalo. Mwanafunzi huzungusha kiwiko kama anayefagia, hivyo katikati panapata rangi nyingi na kandoni kidogo. Kila mpigo ufunike nusu ya mpigo uliotangulia. Tabaka la kwanza liwe jepesi, na fundi angoje dakika kumi hivi kabla ya la pili. Asiyengoja ataona machozi ya rangi yakishuka mlangoni, na kuyaondoa ni kazi ya kesho nzima.

Moto, chupa na kisima

Tumesema mvuke wa rangi hukaa chini. Maana yake ni kwamba hutembea juu ya ardhi kama maji yasiyoonekana, ukapita chini ya mlango, ukafika penye mbabula. Hapo moto hurudi kwa njia ileile upesi kuliko mtu kukimbia. Asetoni hutoa mvuke wa kuwaka hata katika baridi ya barafu. Kwa hiyo hata kuchanganya rangi au kuosha pistole kusifanyike penye jiko, taa ya moto au mtu anayevuta sigara. Moto wa namna hii haumwagiwi maji, kwa sababu maji huutawanya. Uzimwe kwa kizimamoto cha unga, au kwa mchanga uliowekwa tayari katika ndoo. Vitambaa vilivyolowa rangi ya mafuta visirundikwe pembeni, maana hujipasha joto vyenyewe hata vikawaka usiku, watu wamelala. Vitandazwe nje, au viwekwe katika kopo la chuma lenye maji na kifuniko.

Wazazi, chupa ya limonadi isitiwe kamwe maji ya kuyeyushia rangi. Mtoto wa miaka miwili hasomi, anaona chupa. Akinywa, msimlazimishe kutapika wala msimpe mafuta ya mawese. Akitapika, petroli ile huingia mapafuni, nako ndiko inakoua. Apelekwe hospitali mara moja, na kopo lenyewe lichukuliwe ili mganga alisome. Makopo matupu nayo, hata yakioshwa mara tatu, yasiwekwe unga wala maji ya kunywa, yatobolewe. Na mabaki ya rangi yasimwagwe nyuma ya nyumba. Katika lupango nyingi watu huchota maji kisimani, na kinachomwagwa karibu na kisima leo chaweza kurudi katika ndoo baada ya mvua. Mabaki yawekwe katika kopo moja, yatulie. Sehemu safi ya juu itaoshea pistole tena.

Twapenda kuwakumbusha pia wale wanaowaleta watoto wao wa miaka kumi na mbili garajini ili «wasikae bure». Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, aliagiza kwamba watoto wasitiwe katika karakana kabla miili na akili zao hazijakomaa. Mtoto aweza kumletea fundi maji nje ya chumba, aweza kujifunza majina ya vyombo. Lakini asikae penye ukungu, asisugue rangi ya zamani. Mwanamke mwenye mimba naye akae mbali.

Swali la mwisho ambalo mafundi hutuuliza ni la fedha: «Mteja anataka bei ya chini, nikihesabu katriji, chujio na kukodi chumba, atakwenda kwa mwingine.» Wako watakaokwenda. Lakini fundi aandike hesabu yake katika daftari, kila motokari ukurasa wake: msasa, mastiki, rangi, katriji, siku ya chumba, mshahara wa msaidizi. Amwonyeshe mteja. Mwenye taksi aliyewahi kupaka motokari yake mara mbili kwa mwaka mmoja, kwa sababu ya grisi iliyoachwa chini ya rangi, huielewa karatasi ya namna hiyo kuliko tunavyodhani. Na kabla ya kuweka tofali la kwanza, fundi aende kwenye ofisi ya komini kuuliza kama kiwanja chake chaweza kupewa ruhusa ya kazi hii, aende na majirani wawili wa pande zote mbili, akiwa amekwisha kuwaeleza bomba litapita wapi.